Nilimwendea

Ndoano ya kutundikia nyama ilimpata dada mtu begani, ikachana gauni na ngozi kwa pamoja. Mumewe akaichomoa, akainyanyua tena. Kaka yake dada huyo, muuza nyama mwenye bucha, alikuwa mezani anakata paja la ng'ombe. Aliliacha paja, akasahau kukiacha kisu. Akamwendea shemeji yake amwambie, "Mwache dada yangu!" Shemeji mtu akageuka, akamshushia ndoano kichwani. Wakakabana, wakateleza kwenye damu, wakaanguka wote wawili. Akanyanyuka mmoja. Kisu kilikuwa kimezama mbavuni mwa shemeji mpaka kwenye mpini.

Basi tuje kwa Kamusi. Huyu alikuwa mkalimani, na jina hilo la utani alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Alifundisha Kiingereza miaka kumi na tisa kabla mahakama haijamwajiri, na kanuni aliyowajaza watoto vichwani, nyingine kwa fimbo, ilikuwa hii: kitenzi kikiwa cha kumfanyia mtu, Kiingereza chake malizia na "for". Pikia, "cook for". Shonea, "sew for". Mjadala umefungwa, kaa chini!

Polisi walimwita aandike maelezo ya muuza nyama, bandeji kichwani bado inavuja. Kamusi akasikia, "Nilimwendea nikiwa na kisu mkononi." Akaandika mbio mbio, "I went for him with a knife in my hand." Muuza nyama, ambaye hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, akaweka dole gumba.

Miezi minane baadaye dole gumba hilo lilikuwa linamvuta kitanzini. Jaji alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Mwendesha mashtaka akayapunga yale maelezo, akasoma kwa mbwembwe, "I went for him!" Kamusi, kwa ajili ya mshtakiwa, akatafsiri vizuri kabisa, "Umesema mwenyewe kwamba ulimvamia."

"Nani? Mimi?" Muuza nyama alishika vyuma vya kizimba. "Sikumvamia! Nilimwendea!"

Kamusi akamgeukia jaji. "I did not go for him," akasema. "I went for..." Akakwama.

Watu wakaangua kicheko. Jaji akagonga meza, akauliza kama mtu huyu alimvamia marehemu au hakumvamia. Kamusi jasho likamtoka mpaka kwenye nyayo. "Go" ni mpole. "For" ni mpole. Ukivikutanisha, vinamrukia mtu kooni. Na alijua! Sekunde chache tu nyuma yeye mwenyewe aliyatafsiri maneno hayo kuwa kuvamia, wala hakushtuka kuwa ni mkono wake ulioandika. Alitakiwa kuandika "to". Herufi mbili tu, jamani!

Angeweza kukohoa akapita. Nani angemjua? Akamtazama muuza nyama, na kovu lile la ndoano utosini, akaona aibu.

"Mheshimiwa," akasema kwa Kiingereza, "mshtakiwa hajakosea. Nimekosea mimi." Akaeleza yote, mbele ya watu waliomwita Kamusi.

Jaji akayatupa maelezo. Dada mtu akasimama, akafunua bega, akasimulia ndoano ilivyoingia na ilivyotoka. Alasiri muuza nyama akaachiwa, akalia kwa sauti kubwa bila kumwonea mtu haya. Kamusi akaambiwa arudishe kitambulisho cha kazi.

Kwenye korido alimkuta kaka wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi akamwendea polepole, mkono kaunyoosha, macho mekundu kwa kulia. Kamusi naye akanyoosha wake. Wakashikana.

"Pole sana," Kamusi akasema.

Labda ni neno hilo lililomkoroga. Fundi akamvuta, akampiga kichwa cha pua. Akambamiza ukutani, mara mbili, tatu. Alipoanguka akamkanyaga mdomo kwa buti la kazi, na meno mawili yakabaki sakafuni. "Umemuua ndugu yangu mara ya pili!" alipiga kelele, huku askari wanne wakimvuta.

Kwenye chumba cha polisi, ghorofa ya chini, askari aliyechukua maelezo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Fomu ilikuwa ya Kiingereza.

"Ilikuwaje, mwalimu?"

"Alinijia," Kamusi akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Tukashikana mikono. Halafu akanivamia."

Askari akaandika. Kamusi akachungulia: "He came for me."

"Umeweka 'for'?"

"Si ulitufundisha mwenyewe? Nilichapwa kwa hiyo 'for', mwalimu!"

Kamusi akaisoma tena. Kwa neno hilo fundi angeonekana alikuja makusudi kumdhuru, na angefungwa miaka. Mdomo ulimwaka moto. Meno yake yalikuwa kwenye kikaratasi mfukoni. Alimchukia yule mtu, alimchukia mno, na alitamani liachwe hivyo hivyo.

"Futa," akasema. "Weka 'to'. Alinijia vizuri."

Askari akafuta.

"Na hapo pa kunivamia," Kamusi akasema, akitema damu kwenye leso, "andika 'he went for me'. Hiyo 'for' ni yake. Mwachie."