Kufuli la Stoo

Wanafunzi wenzake walimwita Mama Soketi, na siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo alijiona kweli anastahili jina hilo. Nyaya zote za mota ya feni kubwa ya karakana alikuwa ameziunga safi kabisa. Kilichobaki ni kuwasha umeme. Akapapasa mfuko wa ovaroli kutafuta ufunguo, akapapasa na wa pili: mitupu yote!

Pale chuoni sheria ilikuwa moja: kabla hujagusa waya, zima swichi kuu, ipige kufuli lako mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwako. Asubuhi hiyo kufuli lake lilimgomea, akabeba la stoo ya nyumbani mbiombio. Kufuli alibeba kweli. Ufunguo aliuacha msumarini jikoni, kwa mama mkwe!

"Tulikate," mwenzake akanong'ona, msumeno wa chuma mkononi.

"Thubutu! Likikatwa leo kwa haraka, kesho litakatwa mtu akiwa ameshika waya."

Mwalimu akatazama saa. Kengele ikilia kabla feni haijatoa vumbi nje, Mama Soketi angerudia mwaka. Na mama mkwe alishatamka wazi kwamba wajukuu atawalea mwaka huu tu, basi. Kurudia kungekuwa ni kuacha chuo. Sasa wa kumwokoa ni huyohuyo! Akampigia simu amletee ufunguo.

Bahati nzuri nyumba haikuwa mbali. Mama mkwe akaingia anahema.

"Haya, Mhandisi! Stoo umeniachia wazi, halafu unanikimbiza na magoti yangu haya!"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Nisamehe, Mama. Bila kufuli, mtu anaweza kuniwashia umeme mikono yangu ikiwa humo ndani."

Mama mkwe akaitazama ile mikono iliyomfulia na kumpikia miaka yote.

Kufuli likafunguliwa, mama mkwe akalipokea, umeme ukawashwa, feni ikanguruma, lakini kinyumenyume! Badala ya kutoa vumbi nje, ikalirudisha ndani na kummwagia mwalimu, akawa mweupe mpaka nyusi. Mama Soketi alicheka, lakini jicho lilikuwa kwenye saa. Dawa yake aliijua: nyaya mbili zibadilishane nafasi, mota igeuke. Akazima swichi, akachomoa bisibisi, akainama haraka.

"We!" Mama mkwe akamdaka mkono, akamkabidhi kufuli na ufunguo wake. "Funga kwanza, mwanangu."

Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo. Akafunga, akageuza nyaya huku machozi yanamtoka, akafungua, akawasha. Vumbi likatoka nje lote, na vigelegele vya mama mkwe vikaifunika kengele.

Mwalimu akafuta uso, akaandika "amefaulu."

Mama Soketi akamrudishia mama mkwe kufuli lake kwa mikono miwili, naye akalisukuma limrudie.

"Nenda nalo kazini," mama mkwe akasema. "Stoo nitaifunga kwa kamba."