Sauti Iliyobaki Kwenye Wimbo

Bendi yao waliiita Fuawe, kama lile chuma ambalo mhunzi hugongea kazi yake, na watu wengi wa Kariakoo waliowasikia wakifanya mazoezi walisema ule si muziki, ni fujo. Hawakuwa na gitaa. Kitwana alipiga mapipa ya mafuta na vipande vya mabomba kwa nyundo. Dhaval, kijana wa Upanga aliyeishi na wazazi wake ghorofani, alirekodi milio ya mashine na kuichanganya kwenye kompyuta mpaka ikawa mdundo. Hyasinta ndiye aliyeimba, kwa sauti nzito na kavu, kama mtu anayegombana na jenereta.

Wimbo wao wa kwanza waliupa jina "Cheche". Maneno yalikuwa ya Hyasinta, na yalimhusu kaka yake Anselmi, fundi wa mageti mtaa wa Gerezani. Anselmi ndiye aliyemchukua kutoka Masasi mama yao alipofariki, akamsomesha, na mpaka leo walikuwa wakikaa nyumba moja ya kupanga. Kwa hiyo walipohitaji mlio wa chuma kikikatwa, hawakuwaza karakana nyingine.

Asubuhi ya kurekodi Anselmi alivaa shati safi, kana kwamba sauti nayo hupigwa picha. Alikata nondo kwa grenda, Dhaval akiwa amemsogezea kinasa sauti. Walipomaliza, alipandisha miwani ya kazi juu ya paji la uso, akajifuta jasho.

"Kaka, mara moja tena tu," Hyasinta akasema. "Honi ya gari imeingia."

"Nyie watu mna kazi," Anselmi akacheka, akaiwasha tena grenda. Miwani hakuishusha.

Jiwe la kukatia likapasuka. Kipande kikamwingia jicho la kushoto. Hyasinta alimdaka kabla hajafika chini, damu ikimtiririkia mikononi, na kaka yake, ambaye hata makaburini hakuwahi kumwona akitoa chozi, akapiga ukelele: "Mama! Mama, sioni!"

Hospitali walijitahidi, lakini jicho halikuokoka. Walilitoa.

Kwa muda hakuna aliyeutaja wimbo. Halafu siku moja Dhaval akamwita Hyasinta kwao Upanga, akamkalisha mbele ya kompyuta, akasita.

"Dada, usinichukie. Kinasa sauti sikukizima siku ile. Sikujua kama kinaendelea."

Akabonyeza. Grenda ikavuma, mapipa ya Kitwana yakaingia, sauti ya Hyasinta mwenyewe ikapanda, kisha vyote vikakatika ghafla. Katika ule ukimya, Anselmi akamwita mama yake. Mdundo ukarudi kwa kishindo.

Hyasinta alikimbilia bafuni akatapika. Aliporudi, midomo bado imelowa maji, alisema neno ambalo hakulitegemea.

"Rudia."

Alijua. Yeyote mwenye masikio angejua. Bila sauti ile, "Cheche" ulikuwa wimbo wa vijana wanaopiga makopo. Ikiwemo, ilikuwa kazi ambayo mtu akiisikia hawezi kukaa kitako.

"Lazima tumuulize mwenyewe," akasema.

Jioni alimwekea Anselmi spika za masikioni. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho, bandeji usoni, mkono umekamata ukingo wa kitanda. Akazivua taratibu.

"Kelele za chuma chukueni, nimewapa," akasema. "Mimi nitoe."

"Hakuna atakayejua ni wewe, kaka."

"Mimi nitajua. Nitoe, Hya."

"Sawa. Nakutoa."

Dhaval alitengeneza wimbo upya, pale kwenye ukelele akaweka mlio wa king'ora. Akamtumia Hyasinta wimbo wote mara mbili, wenye king'ora na wenye sauti, akaandika: *Chagua wewe, ni ndugu yako.* Hyasinta alisikiliza ule wa king'ora akiwa amesimama dukani anakouza vitenge, akausikiliza tena. Ulikuwa umekufa. Akajiambia kaka yake hasikilizi muziki wa aina hii. Akajiambia sauti itavurugwa kidogo, haitatambulika. Akajiambia wimbo ni wa kumheshimu. Kisha akajibu: *Weka wenye sauti. Amekubali.*

"Cheche" ikatoka Ijumaa. Mtangazaji mmoja wa redio aliipiga akicheka, kisha akanyamaza, kisha akaipiga tena. Haikuchukua muda, wauza simu wa Kariakoo wakaiweka kwenye spika zao kubwa, kwa sababu pale ukimya ulipoingia wapita njia wote waligeuka. Vijana wakatengeneza vichekesho: mtu anafunikwa kitambaa usoni, wenzake wanaitikia, "Mama, sioni!" Kitwana alimpigia Hyasinta akipiga vigelegele. Hyasinta naye alifurahi, na furaha ile ilimkaa tumboni kama chakula kilicholala.

Anselmi alikuwa ametoka kununua bawaba alipoisikia sauti yake mwenyewe mtaani. Alisimama. Wachukuzi wakampigia kelele apishe mikokoteni, hakupisha. Mbele ya duka vijana wawili waliigiza ukelele wake, wakaangua kicheko, wakarudia.

Hyasinta alimkuta sebuleni, bawaba bado mkononi.

"Ulisema umenitoa."

"Kaka..."

"Ulisema."

"Nilikudanganya," Hyasinta akasema, akakaa sakafuni.

Alingoja atukanwe. Angependa atukanwe. Anselmi aliongea polepole, kama mtu anayefikiria kila neno.

"Siku ile wewe ndiye uliyenishika. Nilimwita mama kwa sababu nilidhani tupo wawili tu, mimi na wewe. Sikujua kuna watu."

Kesho yake Hyasinta aliwaeleza wenzake ukweli. Dhaval aliduwaa, kisha akaanza kuufuta wimbo kila mahali alipouweka, bila kuuliza. Kitwana ndiye aliyewaka.

"Yaani umetufanya sisi wote wezi? Kaka yako ndiye aliyenifundisha kuchomelea! Nitamwangalia vipi?" Akakusanya nyundo zake, akaondoka, na Fuawe ikaishia hapo.

Wimbo haukufutika. Ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, na watu wakaendelea kurushiana. Hyasinta alimfuata muuza simu mmoja wa Kariakoo, akamsihi auzime. "Dada, huu ndio unaoniletea wateja," kijana akamjibu kwa upole, wala hakumtambua.

Mwisho wa juma alifunga nguo zake kwenye begi, akasimama mlangoni pa chumba cha kaka yake.

"Nitatafuta chumba sehemu nyingine. Sistahili kukaa hapa."

Anselmi alikuwa amelala chali.

"Kaa. Hapa ni kwenu," akasema. "Ila ukija nilipo, simu iache nje."

Hyasinta akairudisha simu sebuleni, akaiweka juu ya friji. Akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Nje jirani alikuwa anakaanga vitunguu na watoto wanagombania ndoo, na ndugu wale wawili wakasikiliza mpaka giza likaingia, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kutoa sauti.