Huku Kunaungua

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena zuri, lakini kwenye mashindano ya magari hakuna aliyelijua. Walimwita Breki. Binamu yake ndiye aliyembatiza, siku alipomwona akikanyaga breki kila kona kama mtu aliyevamiwa na siafu, na jina likamganda. Haya, cheka ukitaka. Lakini ukikata usukani na pua ya gari ikaendelea kwenda mbele kana kwamba hujasema kitu, wewe ungekanyaga nini, redio?

"Gari halina kosa," kaka yake, ambaye ndiye fundi, alikuwa akimwambia. "Kosa liko mguuni kwako." Na leo, siku ya mbio za mwisho za msimu, alikuwa ametoa neno: mazoezi ya asubuhi yakiwa yale yale ya breki kila kona, mchana ataendesha binamu. Gari lenyewe ni lile ambalo Breki alilitoa kwenye vyuma chakavu, akalinyoosha bodi kwa nyundo hadi viganja vikatoka malengelenge! Neno hilo lilimuuma sana, ila hakutaka mtu aone.

Mazoezi yakawa yale yale. Breki akalirudisha gari kwa fundi moja kwa moja bila kuzungukazunguka, maana tairi likipoa, kipimo kinadanganya. Kaka akapiga jeki, akaweka stendi, akateleza chini ya gari na spana yake. Mama yao akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele na kipimajoto chenye ncha ya sindano. Alikuwa nesi mstaafu, na kazi hiyo hakumwachia mtu. "Nimechoma wanaume wenye ndevu wakaita mama zao," alikuwa akisema, "sembuse mpira!"

Akachoma ukingo mmoja, akachoma katikati, akachoma ukingo wa pili.

"Huku kunaungua!" akapaza sauti. "Kule kumepoa!"

"Huku. Sawa," kaka akaitikia kutoka chini, na spana ikaanza kulia.

Binamu alikuwa ameshavaa helmeti, anajinyoosha shingo kama bwana harusi. Breki akatoa kichwa dirishani, upande wa mama, ili asimtazame binamu. Ndipo akaona kidole cha mama kimegusa ukingo wa nje wa tairi, karibu na goti lake.

"Kaka! Huku ni wapi?"

"Huku si huku! Huku ndani, nilipo."

"Mama, na wewe huku yako ni wapi?"

"Huku nilipo, nje. Kwani mimi nimelala chini ya gari?"

Spana ikanyamaza.

Lahaula! Msimu mzima! Joto la ukingo wa nje lilikuwa linasema gurudumu linakanyaga kwa nje, kama kiatu kinacholika upande mmoja, kwa hiyo juu yake palazwe kidogo kwa ndani. Kaka akisikia "huku" anaelewa ndani, naye anazidi kulisimamisha. Kila walipopima, dawa ilizidisha ugonjwa, pua ikazidi kukataa kona, na lawama zote zikaenda kwenye mguu wa dereva.

Kaka akachomoza, uso umejaa grisi. "Basi, tumekosea. Lakini muda umebana. Leo aendeshe binamu, tutalirekebisha baadaye."

"Baadaye ya nani?" Breki akafungua mkanda, akashuka. "Mmenisema, nikanyamaza, nikadhani kweli nina mguu mbovu. Nimelia bafuni, kaka, maji yakiwa wazi msinisikie! Leo sinyamazi, wala kiti changu simwachii mtu. Lete spana."

"Utaweza?"

"Nimesema lete."

"Mpe mwenzio spana," mama akasema. "Na kuanzia leo ni ndani na nje. Huku na kule marufuku."

Breki akaingia chini mwenyewe. Kaka akachukua spana nyingine, akaenda kwenye gurudumu la pili.

Mchana, kona ya kwanza, alikata usukani na pua ikafuata. "Kumbe!" akapiga kelele ndani ya helmeti. "Kumbe wewe unasikia!" Akawapita wa mbele yake mmoja baada ya mwingine, palepale konani walipozoea kumcheka. Gari moja tu lilimshinda, lile lenye injini kubwa, na hata hilo alilikaba hadi mwisho.

Mama alikuwa anangoja na sindano yake. Akachoma ndani, katikati, nje. "Joto karibu ni sawa kote," akasema, akajifuta macho kwa mkono wenye masizi. Kaka akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Mguu wako hauna kitu."

Binamu akaja na tabasamu, ameshika mlango wa gari. "Hongera, Breki! Sasa msimu ujao si tutapokezana? Nije huku nionje kiti?"

Breki akautoa mkono wa binamu mlangoni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Wewe," akamwambia, "baki huko huko."