Picha Iliyopoa

Usingizi wa mchana hauna adabu, haupigi hodi. Unamkuta Shemsa mezani, tumbo limejaa wali wa nazi, mbele yake kurasa za magazeti ya zamani zilizokauka mpaka zinakatika zikishikwa, na unamchukua akiwa bado na kalamu mkononi na hasira kifuani. Hasira yenyewe ni ya marehemu Shaibu Mwinchande, mhakiki wa sinema aliyeogopwa pwani nzima enzi zake, mtu aliyeweza kuizika picha kwa mistari michache kisha akaenda zake kunywa kahawa. Ofisi ya hifadhi ya sinema imempa Shemsa picha nne za wakati huo, kanda zake zimeanza kunuka siki, dalili ya kuoza. Atakayoitetea kwa maandishi kabla ya jioni itasafishwa. Atakayoinyamazia itaachwa ioze. Tatu amezimaliza asubuhi, na kote amembishia Mwinchande bila haya: alizoziita takataka yeye ameziita johari, na aliyoisifu ameiona porojo tupu. Imebaki ya nne, Mke wa Mnarani, na hapo kalamu imekwama. Aliyeigiza mke huyo ni Riziki, mama yake mdogo, ndiye aliyemlea Shemsa, na baada ya picha hiyo moja hakusimama tena mbele ya kamera. Mwinchande aliandika: Picha imepoa. Mwigizaji wake mkuu anasugua sufuria mpaka tunasinzia, na uso wake, ukishatoka ukumbini, huukumbuki. Shemsa anatamani kumbishia mzee huyu kuliko alivyowahi kumbishia mtu yeyote, lakini anajua watu watakavyosema, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Anaegemeza kichwa kidogo tu, kupumzisha macho, na meza inakuwa mlango, na mlango unafunguka kwenye barabara. Barabara haina mwisho. Huku na huku ni kumbi za sinema, ukumbi baada ya ukumbi, kuta zake za vioo zinatazamana, hivi kwamba Shemsa anajiona akitembea kuliani na akitembea kushotoni, na wale wawili hawaendi mwendo mmoja, na mmoja wao anageuka nyuma wakati yeye hajageuka. Juu ya kila mlango, pale panapoandikwa jina la picha, imeandikwa hukumu tu. Ndefu. Inachosha. Imepoa. Imepoa, neno ambalo vijana wa siku hizi wangelidhani ni sifa wakakimbilia tiketi. Mbele yake anatembea mwanamke aliyejitanda kanga, na Shemsa anamfuata kwa kuwa barabara haimwachi afanye jingine. Anamwamkia, shikamoo, na mwanamke anageuka, na pale penye uso hapana kitu, ngozi imelala laini kama ganda la yai. Mwanamke hana hasira wala haraka. Anasema, bila mdomo, Kitendawili. Na Shemsa, kwa mazoea ya utotoni, anasikia ulimi wake ukijibu, Tega.

Kimepoa, hakijaliwa.

Shemsa anasema uji. Sivyo. Anasema chai iliyosahauliwa. Sivyo. Anasema, kwa woga, maiti, na mwanamke anatikisa kichwa polepole. Basi nipe mji, anasema. Nani asiyeujua mchezo huu? Mtoto akishindwa anatoa mji, mwenzake anajifanya amekwenda huko, amekula, amekunywa, kisha anarudi na jibu, na hakuna aliyewahi kupoteza hata tofali. Shemsa anatoa Pangani. Nimeupokea, anasema mwanamke, na papo hapo Shemsa anajaribu kuikumbuka Pangani, kule kwa bibi yake, na anakuta peupe. Anajua tu kwamba palikuwa na kitu hapo na kwamba alikipenda. Jibu hapewi. Wanakwenda, wanakwenda, na kitendawili kinarudi kilekile, na kila anaposhindwa anatoa mji kwa sababu mdomo unautoa wenyewe. Lushoto inakwenda na baridi yake. Bagamoyo inakwenda. Sasa amebaki na Tanga peke yake, na Tanga ndiko aliko mama yake mdogo, amelala chumba cha pili. Akishindwa tena ataamka, kama ataamka, amwone mwanamke mzee nyumbani na asimjue ni nani.

Barabara inajikunja na kuwatupa mbele ya dirisha la tiketi, na ndani ya dirisha amekaa Mwinchande mwenyewe, kalamu sikioni. Yeye ana uso, ndiye pekee mwenye uso huku, na ni uso uliochoka. Shemsa anamshukia kama aliyekuwa akimngoja miaka. Anamwambia alivyoua picha za watu, alivyowavunja moyo waigizaji waliokuwa bado wanajifunza kusimama, alivyokosea hapa na pale na kwingine. Mzee anamsikiliza mpaka mwisho, hamkatizi. Kisha anasema, Unabisha vizuri, bibiye. Lakini zile tatu za asubuhi hukuzitazama. Ulinitazama mimi. Niliposema chungu ukasema tamu, basi. Sasa mwenye picha ni nani, wewe au bado mimi?

Neno hilo linamwingia Shemsa. Linamuuma kwa sababu ni kweli.

Mzee anasema, Hii ya nne niambie ulichokiona. Ukinitaja hata mara moja, nachukua mji.

Mwanamke asiye na uso amesimama kando, kanga yake haitikisiki. Shemsa anafumba macho na kuitazama picha, mara hii bila wakili wala mshitaki. Anasema, Kuna jiko mnarani. Mwanamke anasugua sufuria, na mumewe aliyemtelekeza amerudi, amesimama mlangoni, hathubutu kuingia. Sufuria ilishatakata zamani, inang'aa, hata sisi tunaiona. Anaendelea kuisugua kwa sababu akiacha itabidi ageuke, na akigeuka itabidi aseme amesamehe au hakusamehe. Sisi tumewekwa upande wa mlangoni, nyuma yake, pamoja na yule mume. Uso wake hatuukumbuki kwa sababu hajatupa. Tulikuwa tunaudai kama anavyoudai mumewe, na hatukuwa na haki nao.

Anavuta pumzi, na hapo kitendawili kinamfungukia, kama fundo lililolegea lenyewe. Anamgeukia mwanamke. Ni picha yako, anasema. Ilipotoka jikoni ilikuwa ya moto, hakuna aliyeiweza, watu wakaunguza ulimi wakasema haina ladha. Imepoa sasa. Inalika.

Mwanamke hadai mji. Kwenye ganda lile la yai kitu kinaanza kusogea, mkunjo mdogo, pengine jicho, na Shemsa anakaza macho aone vizuri. Mwinchande ameitoa kalamu sikioni na kuiweka chini. Anainama dirishani mpaka paji la uso linagusa kioo, na kwa mara ya kwanza anaonekana mtu anayeogopa jibu. Mimi niliondoka kabla haijaisha, anasema, gazeti lilikuwa linangoja. Niambie, mwanangu. Aligeuka?

Shemsa anafungua kinywa amjibu, na kinywa kinafunguka juu ya meza, shavu limebandana na gazeti. Jua limeshuka kwenye ukuta. Karatasi ni nyeupe. Anaitafuta Pangani kichwani na anapata jina, na nyuma ya jina mlango wa bluu, lakini hana hakika kama mlango huo ni wa bibi yake au ni wa zile kumbi. Mlangoni kwake mtu amesimama, kanga begani, mwanga uko nyuma yake. Sauti ni ya mama mdogo. Ulikuwa unagombana usingizini, inasema, nimekusikia ukimtaja marehemu. Mwache, mwanangu. Mimi mwenyewe niliposoma alichoandika nilimwamini.

Shemsa hainui macho. Anaishika kalamu na kuandika, kuhusu jiko, kuhusu mgongo wa mwanamke, kuhusu mume aliyesimama mlangoni na sisi tuliosimama naye, na mkono unakwenda mbio kwa sababu jioni inakuja na kanda inaoza. Usiondoke hapo, mama, anasema, namalizia. Kivuli hakiondoki. Kinasubiri. Mstari wa mwisho umekwisha, sahihi imekaa chini yake, ukurasa umejaa, na Shemsa bado anaandika, kwa sababu akiacha itabidi ainue macho.