Mfuko Ambao Haukuwahi Kuwepo

Haya nimesimuliwa na mjukuu wangu Jumapili iliyopita, tukikunja nguo zilizokauka. Kila alipofika pazuri aliacha shuka liburutike chini, nami nikamwacha.

Yeye anafanya kazi hospitalini, chumba cha kompyuta, na wenzake wamempachika jina Binti Swali, maana hakuna jambo linalompita hivi hivi. Shangazi yake, ambaye ni binti yangu wa pili, ndiye mwenye dhamana ya friji ya damu. Miaka kumi na minane ufunguo wake uko shingoni kwake.

Basi Alhamisi asubuhi Binti Swali alimkuta shangazi yake kwenye benchi la korido, sare ya zamu ya usiku bado mwilini, macho mekundu kama pilipili.

"Shangazi! Bado hujaenda kulala?"

"Nitalalaje, mwanangu? Nimeitwa mwizi."

Kila asubuhi kompyuta huchapa karatasi ya hesabu ya mifuko ya damu. Siku hiyo karatasi ilisema damu ya kundi moja adimu ipo mifuko miwili. Ndani ya friji ulikuwepo mmoja. Msimamizi alihesabu mwenyewe mara tatu, kisha akampa shangazi mpaka saa nane mchana aseme mfuko wa pili umekwenda wapi. La sivyo, akabidhi ufunguo aende nyumbani kungoja barua.

"Barua sijali," shangazi akasema. "Lakini watasema nimeuza damu. Damu ya wagonjwa, mimi!"

Mwingine angemkumbatia walie wote. Mjukuu wangu akauliza, "Jana ilikuwepo mingapi?"

"Mmoja."

"Na karatasi ya jana ilisemaje?"

"Mmoja. Na usiku hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Sasa niondokee na maswali yako, kichwa kinaniuma."

Alimfukuza, lakini alikuwa ameshajibu yote. Binti Swali akashuka ngazi mbio.

Programu inayohesabu ile mifuko iliandikwa miaka kumi na mmoja nyuma na Mzee Nukta, anayekaa meza ya pembeni, fundi aliyewafundisha kazi karibu wote mle ndani. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Unataka kuikagua ya Mzee?" jirani yake wa meza akamnong'oneza. "Wewe una roho ngumu."

"Simkagui mtu. Nauliza tu."

Hapa ndipo nami nilipompenda huyo Mzee kabla sijamwona. Programu ile ameiandika kwa lugha ya kompyuta wanayoiita C, na hakuifungia faili moja tumboni. Unaiita kwenye kompyuta, katika dirisha jeusi la kuandikia amri: unaandika jina lake, na pembeni yake unaandika jina la faili unalotaka isome, nayo inakwenda kulifungua hilo hilo ulilotaja. Maneno uliyoandika inayahesabu, ila yenyewe inajipa namba sifuri, na faili ndilo namba moja. Nilicheka. Ni mama anayepanga sahani za watu wote akajisahau mwenyewe. Ukiiita bila kutaja faili, haikurupuki. Inakujibu, "Tafadhali taja faili," basi. Ukitaja lisilokuwepo, inakwambia halionekani. Ina adabu kuliko watu wengi.

Kwa kuwa inasoma faili lolote, Binti Swali akaipikia mafaili yake madogo. La kwanza aliliandikia mifuko mitatu. Ikajibu: minne. La pili mfuko mmoja. Ikajibu: miwili. Mwisho akatengeneza faili tupu, halina hata herufi, akalitaja jina lake.

Ikajibu: mmoja.

"Nywele zilinisimama, Bibi," aliniambia.

Akafungua maandishi ya Mzee akayasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Kumbe kabla ya kusoma kila mstari, programu iliuliza kwanza: tumefika mwisho? Lakini mwisho wa faili haujulikani hivyo. Ni kama kuchota maharage gizani kwenye gunia. Hujui yamekwisha mpaka kopo litoke tupu. Programu ilikuwa inachota, inakosa, halafu inahesabu tena kile ilichochota mara ya mwisho; na kama haikuwahi kuchota kitu, inahesabu kopo tupu.

Sasa mbona miaka yote hiyo haikuonekana? Aliwapigia simu masjala, wanaotayarisha orodha ya mifuko inayosomwa na programu. Wakamwambia zamani walikuwa wanafunga kila orodha kwa mstari wa vistari, na tangu jana jioni wameacha. Vile vistari ndivyo vilivyokuwa vikirudiwa, na programu huviruka. Leo mwishoni palikuwa na damu adimu.

Saa ilikuwa saba na nusu. Akaenda meza ya pembeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo swali gani?"

"Leo sina swali. Nina faili tupu."

Mzee akavaa miwani, akaandika amri kwa mikono yake. Mmoja. Akarudia. Mmoja. Akafungua maandishi ya programu, akashuka nayo mpaka penye kosa.

"Nani kaandika uchafu huu?"

"Wewe, Mzee."

Alicheka mpaka akavua miwani ajifute. "Kosa hili hili nawakataza vijana kila mwaka, kumbe langu nimelikalia!"

Binti Swali akataka kumtumia msimamizi ujumbe. Mzee akakataa. "Huyo mama ameitwa mwizi mbele za watu. Nipishe."

Akapanda ngazi na goti lake bovu, akisimama kila ngazi ya tatu, mjukuu wangu nyuma yake akiogopa ataanguka. Pale koridoni akasema kwa sauti, wauguzi wote wakisikia, "Friji ya huyu dada ilisema kweli. Mwongo ni wangu mimi, nimemwandika mwenyewe. Na aliyemkamata ni huyu hapa."

Msimamizi, aliyekuwa amesimama hapo, akamgeukia shangazi. "Dada, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe," shangazi akasema. "Ila siku nyingine uniulize kabla ya kuniita mwizi."

Wakashuka pamoja, kwa kuwa shangazi alikataa kuondoka bila karatasi ya kweli. Mzee akasogea kando, Binti Swali akakaa kwenye kiti chake, akarekebisha: isome kwanza, ikikosa isimame hapo hapo. Akalitaja faili tupu. Sifuri. Akalitaja la asubuhi. Damu adimu, mmoja.

"Umeona, Shangazi?"

Wakageuka. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha jirani, viatu miguuni, mdomo wazi, akikoroma, na Mzee Nukta akawaashiria vijana wazime mashine ya kuchapa mpaka aamke.