Zambarau za Eka Tatu

Mwanapili alikuwa na hasira za kumtosha yeye na majirani zake wawili. Alikaa kwenye baraza ya hospitali na kofia aliyokuwa akiishona mapajani, na kila sindano ilipomchoma alimlaani kaka yake Machano, kisha akaleta toba, maana Machano ni mkubwa kwake na mama yao alikufa akimuusia amheshimu. Akishaleta toba, sindano humchoma tena.

Ndani alilazwa binti yake Wanu, mtoto wa miaka minane, kwa homa ya matumbo. Mwili ulikuwa umekwisha na nywele zilikuwa zikitoka na kitana. Daktari alimuuliza mama suala moja: mtoto huyu amekunywa maji ya wapi? Mwanapili alijibu kwa ukali kidogo kwamba nyumbani kwake Kikwajuni wanakunywa ya mfereji, tena yanachemshwa. Ndipo alipozikumbuka zambarau.

Zambarau zilikuwa za Machano. Baada ya Mapinduzi alipewa eka tatu kwenye njia ya Chwaka, na ndani yake mlikuwa na mizambarau iliyokomaa, inayozaa mpaka ardhi inageuka rangi. Mtu mwengine angetafuta wachumaji akapeleka sokoni. Machano, ambaye tangu utoto hakupenda kutoka jasho lake ikiwa lipo la mwenzake, aliona bora watu wa mjini waje wenyewe siku za Jumapili, wapande wenyewe, wachume wenyewe, na wakitoka wamlipe njiani. Watu walikuja kweli, na watoto wao na mapakacha yao, wakacheka, wakarudi na ndimi nyeusi. Machano alikaa kitini kama bwana harusi. Kabla ya kuondoka, kila mmoja alichovya pakacha lake kwenye hodhi la maji lililokuwa ubavuni mwa kisima, vumbi na sisimizi watoke na zambarau zing'are.

Hapo ndipo hasira zilipokuwa zikimfika Mwanapili kooni. Yeye ndiye aliyemfundisha Wanu asitie kitu kinywani kabla ya kukiosha. Jumapili ile waliyokwenda shamba, watoto watundu wa mtaani walikula huko huko juu ya miti, pamoja na vumbi lake, na sasa wanacheza mpira Kikwajuni, wazima wa afya. Wanu alingoja. Alichuma, akashuka, akachovya hodhini, akasema bismillahi, akala. Wasichana wengine wawili wa mtaa waliofanya kama yeye nao walikuwa wamelala wodini. Waliosikia maneno ya mama zao ndio walioumwa, na hilo Mwanapili hakuweza kulimeza.

Katikati ya wiki alikwenda shamba kuangalia. Hakuhitaji kuangalia sana. Machano alikuwa amewachimbia wageni wake choo, na kwa uvivu wa kutotaka kwenda mbali alikichimba juu kidogo ya kisima, kwenye mteremko. Mvua za vuli zilikiporomosha upande wa kisimani. Machano akakifunika kwa makuti, akaona kazi imekwisha.

"Maji haya yamepindukia kulatein," Machano alimwambia, akimkumbusha walivyofundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba maji yakifika kipimo hicho hayanajisiki, ila yakibadilika rangi, harufu au ladha. "Unayaona yamebadilika?"

"Kwa udhu sawa, kaka. Tumbo la mtoto halikusoma chuoni."

Machano alitazama huku na huku, akashusha sauti. Alimwambia eka hizi ni za Serikali, na mtu akenda mjini kutangaza kwamba zinatia watu maradhi, itasemwa anayapinga Mapinduzi. Na yeye Mwanapili anajua watu wa namna hiyo wanapelekwa wapi. Alilisema kwa upole, kama anayempa nasaha. Mwanapili alijua. Miaka ile nani asiyejua? Alirudi mjini na hofu yake, lakini alipofika nyumbani ilikuwa imeshageuka ghadhabu, maana mtu baki akikutisha unaweza kumsamehe, na huyu wamenyonya ziwa moja.

Alikwenda kwa bwana mmoja wa tawi la chama, akamweleza kwa adabu zote. Bwana yule alimwambia akamuuguze mtoto wake na aache maneno ya mitaani, tena yeye mwenyewe Jumapili anawapeleka wanawe huko huko. Mume wake Hamad, hamali wa bandarini Malindi, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mkupuo, alishindwa kulibeba neno hili moja. Alimwambia aliache, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwanapili akamjibu kwamba hili limeshaanza kula, na Jumapili litakula watoto wa watu wengine.

Jumamosi homa ya Wanu ilishuka. Mtoto alikunywa uji, akauliza ile kofia ni ya nani. Mwanapili alilia kwa furaha, akapangusa macho, na hasira zikarudi palepale zilipokuwa. Asubuhi yake alimwacha Wanu hospitali na jirani yake Shemsa, akapanda gari la shamba lililojaa watu na mapakacha matupu.

Alipofika alimpita Machano bila kumwamkia. Tangu ajue kusema hajawahi kumpita kaka yake bila shikamoo. Alikwenda akasimama mbele ya hodhi, na kila aliyekuja kuchovya alimwambia asichovye, choo kimeporomokea kwenye maji, watoto wamelazwa hospitali. Watu walimwangalia, kisha wakamwangalia Machano. Machano akacheka kwa huruma. Aliwaambia huyu ni mdogo wake, mwanawe mgonjwa, na uchungu wa mwana umemtia wazimu kidogo, wamwie radhi. Basi watu wakamwia radhi. Walimpa pole mmoja mmoja, wakapitisha mapakacha yao ubavuni mwake, wakachovya. Bwana wa tawi naye alichovya, akampa binti yake zambarau mkononi.

Mwanapili alitia mkono kwenye pakacha lililokuwa likichuruzika maji, akatoa zambarau moja nene, akamwendea kaka yake kitini.

"Kula hii, kaka. Ukiila, mie nnakwenda zangu, na mdomo wangu nnaufunga."

Machano aliipokea huku akicheka. Aliwaambia watu kwamba wanawake wana vituko, akaigeuzageuza vidoleni, akausifu unene wake, na mwishowe, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama, akaipeleka mdomoni.

"Baba, usile." Alikuwa Mwanakhamis, kitinda mimba wake, amesimama nyuma ya kiti. "Za hodhini hizo. Si umetukataza? Si ndiyo maana tunateka maji kwa mzee Simai?"

Mkono wa Machano ulisita. Bado angeweza kuila, akasema mtoto anapayuka, na watu wangemwamini. Yeye alijua hivyo, na mdogo wake alijua. Lakini zambarau ilikaa mbele ya midomo yake na midomo haikufunguka, mpaka akaiangusha chini na kupangusa vidole kwenye shati lake.

Hapo hakuhitajika mtu kusema. Mapakacha yalimwagwa. Akina mama walikimbilia watoto wao, na bwana wa tawi alipiga magoti, kidole kimo kooni mwa bintiye, anamtapisha huku akimwapiza Machano kwa maneno yasiyosemwa mbele ya watoto.

Mwanapili alidhani atafurahi. Hakufurahi hata chembe. Mpaka asubuhi ile alikuwa akimkasirikia ndugu mvivu na mbishi, mtu asiyejua na asiyetaka kujua. Kumbe alijua. Alijua siku ile Wanu alipochovya, naye amekaa kwenye kiti hiki hiki, anamtazama mpwa wake akisema bismillahi.

"Wanao uliwakataza," alimwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wangu ulimwangalia."

Machano alisimama, akamfuata mpaka njiani, akizungumza habari za kukifukia choo, za kuchimba kisima kipya, za shetani alivyompitia. Mwanapili alinyoosha mkono kulisimamisha gari. Ndipo Machano alipouliza, mara ya kwanza tangu mtoto alazwe:

"Wanu hajambo?"

Angeweza kumwambia. Neno moja tu, kwamba homa imeshuka, na kaka yake angepata usingizi usiku ule. Mwanapili alipanda gari, akakaa upande wa pili, na hakumwambia.