Kitufe cha Chiriku

Mnara wa kuongozea ndege uliwaamuru waingie kwenye njia ya kurukia, wajipange, wasubiri. Rubani msaidizi, binti kijana, aliyarudia maneno hayo yote redioni. Penye mnara hakuna "sawa" wala "haya": ulichoambiwa unakirudisha kama ulivyokipokea.

Rubani mkuu, baba yake mdogo, ambaye uwanja mzima ulimwita Chiriku, akabonyeza kitufe cha kusemea redioni kwenye usukani wake kuongeza salamu, kama kawaida yake. "Asante, mkuu! Usituoteshe mizizi hapa."

Wakasubiri. Mvua ilikuwa nyembamba, na mwisho wa njia haukuonekana.

"Huyo wa mnarani leo sauti imemkauka," Chiriku alicheka. "Utadhani mkwe aliyenyimwa kiti."

Binti hakucheka. Punde tu walikuwa wamesikia ndege ya mizigo ikisema inakuja kutua nyuma yao. Sasa haikusikika. Hakuna aliyesikika.

"Baba mdogo, mbona kimya?"

"Kimya ni adabu, mwanangu."

Kimya kingi kina mshindo, akawaza. Akatazama mnara. Kiooni taa nyekundu iliwaka, ikazimika, ikawaka.

"Wanatuambia tutoke njiani!"

"Bila kutuita? Acha pupa. Ukiondoka bila ruhusa, leseni yako..."

Hapo ndipo alipoutazama mkono wa baba yake mdogo. Kidole kilikuwa kimeshaondoka kwenye kitufe, lakini kitufe chenyewe kilikuwa kimezama, hakikurudi. Tangu ile salamu, redio yao ilikuwa ikirusha maneno yao tu, imeziba masikio ya kila mtu. Mnara haukuweza kuwaruhusu waruke, wala kuirudisha ile ya mizigo angani.

"Nimeshika usukani mimi," binti alisema. Hakuwahi kumwambia hivyo. Akasukuma wenzo wa injini, ndege ikakimbia hadi njia ya pembeni, akakata kona. Abiria mmoja alipiga yowe.

Magurudumu makubwa ya ile ndege ya mizigo yakapita nyuma ya mkia wao. Ndege nzima ikatetemeka, maji yakapiga vioo kama changarawe.

Akakichokonoa kitufe kwa kucha. Kikaruka juu.

Sauti ya mnara ikaingia, taratibu, kavu: "Mlio njia ya pembeni, simameni hapo hapo. Zimeni injini. Mnafuatwa." Kisha ikaongeza: "Chiriku, tumekusikia kila neno."

Maneno yale yalitaka kurudiwa. Chiriku alipeleka kidole kwenye kitufe, akakiondoa. Binti ndiye aliyeyarudia, yote, isipokuwa lile la mwisho.